Gundi Niliyopaka kwenye Madawati ya Darasa la Kwanza

Mimi ni mwoga. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili nyinyi walimu vijana mnaobaki pale shuleni msije mkasoma kurasa hizi mkitafuta shujaa. Siku mliyoniaga kwa soda na keki, Mwalimu Neema aliniomba nimwandikie jinsi ninavyotengeneza chati za madawatini, zile kanda za katoni zenye herufi na namba ambazo kila mtoto wa darasa la kwanza anazikuta mbele yake akikaa. Nilimwahidi ukurasa mmoja. Nimeandika zaidi, kwa sababu ukurasa mmoja ungetosha katoni, mkasi na gundi, na ungeacha jambo ambalo limenitisha kwa miaka kumi na miwili.

Nilianza kazi katika shule ileile niliyostaafia, huku juu ya Sanya Juu, ambako asubuhi ukungu unaingia darasani bila kupiga hodi. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinifikisha mlangoni, akasema, "Hawa ni wako," akaondoka kwa haraka iliyonitia wasiwasi. Walikuwa themanini na saba. Wengi walijua Kichagga tu. Waliobaki, ambao wazazi wao walikuja kutoka mikoa mingine kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chini, walijua Kiswahili na waliitumia nafasi hiyo kuwatania wenzao. Ukutani kulikuwa na chati moja. Nikanyoosha fimbo kwenye herufi a, nikasema "a," wakaitikia kwa sauti iliyotikisa bati. Nikaona kazi yenyewe ni rahisi.

Baada ya wiki mbili nikamwita mtoto wa dawati la nyuma aje anionyeshe a ni ipi. Alisimama mbele ya chati, akanitazama mimi usoni. Hakuijua, na angeijuaje? Kutoka nyuma ile chati ilikuwa karatasi nyeupe yenye vidudu vyeusi. Nikamwita mwingine, na mwingine. Darasa zima lilikuwa linaitikia sauti yangu, na zaidi ya nusu yake halijawahi kuiona herufi yenyewe. Siku ile niliingiwa na hofu ambayo haikunitoka mpaka nikalala njaa. Niliwaona watoto themanini na saba wakimaliza darasa la saba bila kujua kusoma, na kila mmoja akiulizwa ni nani aliyemwanzisha, analitaja jina langu.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni Mwalimu Eliasi wa darasa la pili, mzee mrefu mwenye koti la sufu alilolivaa hata Januari. Hakunipa pole. Alisema, "Binti yangu, usimtume mtoto mbali kuifuata herufi. Ibandike pale anapoweka viwiko." Akanipeleka darasani kwake. Kila dawati lilikuwa na ukanda wa katoni wenye upana wa kiganja: juu herufi, chini namba kuanzia moja hadi ishirini, na chini ya kila namba vidoti vyake vya kuhesabia. Watoto wake hawakuangalia ukutani, na yeye mwenyewe hakusimama ubaoni. Alizunguka kutwa nzima huku mikono ameifunga mgongoni.

Alinifundisha kuzitengeneza kwa Jumamosi tatu, nami nawapa kama alivyonipa. Chukueni katoni ya sabuni au ya biskuti. Ya mafuta ya kupikia iacheni, wino hauingii. Pigeni mistari kwa penseli kwanza, na mistari yenyewe ipigwe na mtu aliyekwisha kunywa chai. Msimalize dawati moja ndipo mwende lingine. Andikeni herufi moja kwenye kanda zote, kesho yake nyingine, ndipo a ya dirishani itafanana na a ya mlangoni. Gundi ni unga wa ngano na maji, ukoroge motoni hadi ung'ae. Ukishabandika, paka tabaka jembamba la gundi hiyohiyo juu ya maandishi. Likikauka, chati inakuwa ngumu na inateleza. Uji wa watoto uliobaki nao unafaa, ila inzi watakuja kusoma pamoja na darasa.

Mbinu ya kidole ilikuwa yangu mwenyewe, na niliiringia sana. Niligundua kwamba mtoto akilamba kidole kisha akaifuata herufi juu ya ile gundi iliyokauka, njia aliyopita inaonekana imelowa kwa muda kidogo kabla ya kukauka. Kwa hiyo nikizunguka naona ni nani ameianza herufi juu na nani ameianza chini, bila kumuuliza. "Lamba, fuata!" nilikuwa nikisema, na darasa zima linalamba, linafuata. Mkaguzi mmoja aliiandika kwenye daftari lake. Walimu wa shule za jirani walikuja kuitazama. Nilijiona mtu.

Adui yetu alikuwa panya. Stoo ya mahindi ya makande ya watoto ilipakana na darasa langu, na kila likizo panya walimaliza mahindi wakaja kumalizia na unga ulio kwenye chati. Shule ikifunguliwa unakuta m imebakiwa na mguu mmoja na nane haina kichwa. Mwalimu Eliasi aliwahi kutia pilipili kichaa kwenye gundi. Watoto wakashika chati, wakafikicha macho, na kabla ya saa nne darasa zima lilikuwa linalia na mama zao wako mlangoni. Hakurudia tena. Kuanzia hapo alitengeneza chati mpya kila muhula, bila kulalamika, mpaka alipostaafu na kuniachia mkasi wake. Nilibaki peke yangu na chati sabini na kitu, na subira yake hakuniachia.

Sasa nafika ninapopaogopa.

Desemba moja, miaka kumi na miwili iliyopita, nilikuwa jikoni kwangu nakoroga gundi ya muhula mpya. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na muhula uliotangulia panya walikuwa wamekula kazi yangu yote. Kwenye rafu palikuwa na pakiti ya dawa ya dumuzi, ule unga tunaochanganya na mahindi kwenye gunia ili yasitobolewe. Mnaijua, kila nyumba huku inayo. Tukitaka kula tunapepeta, tunaosha, tunapeleka mashineni. Nimekula mahindi hayo tangu utotoni. Nikajiambia, kama tunaila, itamdhuru nani ikiwa kwenye karatasi? Nikaimimina. Pakiti nzima, iliyopimwa kwa ajili ya gunia zima, niliitia kwenye sufuria moja. Nikabandika chati zote, na juu ya kila moja nikapaka tabaka la pili kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza nilinawa mikono kwa sabuni mara mbili. Nakumbuka kabisa kwamba nilinawa mara mbili, na sikujiuliza kwa nini.

Shule ilipofunguliwa chati zilikuwa nzima. Juu ya madawati walilala inzi, miguu juu, wengine wamefia katikati ya herufi. Niliwafagia kwa furaha. Nikatangaza ofisini kwamba mwaka huu panya wamekoma. Watoto wakaingia, wapya, wamepakwa mafuta usoni, na mimi nikawafundisha jambo la kwanza ninalowafundisha wote: lamba, fuata.

Siku ya pili wawili walisema tumbo linauma. Nikawaambia ni kwa sababu hawajanywa uji. Siku ya tatu mmoja alitapika, nikamlaumu kwa kula maparachichi mabichi. Siku ya nne ilikuwa zamu ya Manka.

Manka alikuwa na miaka sita, anakaa dawati la mbele karibu na dirisha. Mama yake alikuwa akiuza ndizi soko la Sanya Juu, kwa hiyo asubuhi alilelewa na bibi yake, Bibi Aisia, mama wa baba yake, waliyekaa naye kihamba kimoja, shamba la migomba la ukoo. Alikuwa mtoto wa kutaka kupatia. Wenzake wakifuata herufi mara moja, yeye anaifuata mara kumi. Asubuhi ile aliinua uso, mate yanamtoka mfululizo mpaka kwenye kola, akaniambia, "Mwalimu, herufi zinakimbia." Nilimshika kidevu. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama punje ya ulezi. Kisha akatapika, akaanza kutetemeka mikono na midomo, na mwili ukamlegea mikononi mwangu.

Mwalimu mkuu akamkimbiza kwa gari lake, wampitie mama yake sokoni kisha wateremke hospitali mjini Moshi. Kila mtu alisema ni malaria imempanda kichwani. Mimi nilirudi darasani, nikasema, "Endeleeni," kwa sababu sikujua niseme nini kingine. Na wao, watoto watiifu, wakalamba vidole, wakainamia chati.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliona vidole vyote vile vikielekea midomoni kwa pamoja. Nikapiga kelele, "Mikono juu!" Wakainua wote, wengine wanacheka wakidhani ni mchezo. Nikawatoa nje hivyohivyo, mikono juu, hadi bombani, nikawasugua kwa sabuni mmoja mmoja, nikawasukutua midomo, nawatazama macho. Nilimtazama kila mtoto machoni nikitafuta zile mboni ndogo. Nilifunga darasa, nikawaacha uwanjani na mwalimu mwingine, nikawaambia wenzangu nimeona mdudu mbaya. Nikabandua chati zote kwa kisu, nikazitia kwenye gunia. Kisha nikapita nyumbani, nikachukua ile pakiti tupu kutoka kwenye taka, nikaiweka ndani ya mkoba, nikapanda bodaboda.

Tulishuka hadi Boma ya Ng'ombe, tukashika lami kwenda Moshi. Kijana wa bodaboda alikuwa anaongea njia nzima, sijui aliongea nini. Nilikuwa naomba mambo mawili. La kwanza, Manka asife. La pili naona aibu kuliandika: niliomba iwe malaria.

Nilimkuta Mama Manka pembeni ya kitanda, kanga imeloa matapishi. Mtoto alikuwa amewekewa dripu, anahema kwa shida. Daktari alikuwa kijana, ana haraka, lakini haraka yake ilikuwa ya kazi.

"Mama, hii siyo malaria," alikuwa akisema. "Macho na mate haya ni ya sumu. Tumeshaanza kumtibu, lakini nataka kujua ni sumu gani, tusije tukakosea. Amekula nini asubuhi?"

"Uji tu, daktari."

"Nani alimpikia?"

"Bibi yake. Mimi natoka mapema."

Nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda. Pakiti ilikuwa kwenye mkoba wangu, na mkoba nimeukumbatia. Nikasema nakwenda kunawa, nikatoka nje. Bombani nilinawa, nikafunga maji, nikafungua tena. Niliona pingu. Niliona wazazi wamejaa getini mwa shule na mume wangu akipita katikati yao. Niliona wanangu wakiitwa watoto wa mwalimu aliyelisha darasa sumu. Sijui nilikaa pale kwa muda gani, ila najua nilifungua lile bomba mara tatu wakati mtoto wa watu anahema kule ndani.

Nilirudi, nikampa daktari pakiti. "Naomba uangalie kama ni hii."

Akaisoma upesi. "Hii inafanana kabisa na dalili zake. Umeitoa wapi?"

Nilifungua mdomo. Namwomba Mungu anishuhudie kwamba niliufungua. Lakini Mama Manka alikuwa ameshaiona.

"Ni hiyohiyo!" akalia. "Ndiyo tunayo nyumbani! Mama mkwe anaitia kwenye mahindi kwa kiganja, hapimi. Nimemwambia mara ngapi, mama, hiyo ni sumu, pima! Ameniulia mtoto, jamani, ameniulia mtoto!"

Daktari hakuuliza tena. Alikuwa amepata alichokitaka, akamgeukia nesi wakaongea mambo ya sindano. Alipopita karibu yangu alisema, "Mwalimu, umesaidia sana." Mama Manka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, mwalimu. Umewaza kile ambacho mimi mama yake sikukiwaza."

Nikasema, "Tumshukuru Mungu."

Hayo ndiyo maneno yangu yote niliyosema siku ile. Manka alipona. Baada ya siku chache alirudi nyumbani, na baada ya wiki mbili alirudi shule, amekonda, anauliza kwa nini madawati ni matupu.

Nilijiambia mtoto amepona, yaliyopita yamepita, na ukweli utamfaa nani. Mwoga hakosi maneno mazuri. Lakini bwana afya alikwenda kwao, akaangalia magunia, akaagiza mahindi yote yamwagwe. Wakayafukia kwenye shimo la mbolea, chakula cha mpaka mavuno, huku Bibi Aisia amesimama anatazama. Mama Manka mwenyewe alinisimulia, siku aliyoniletea mkungu wa ndizi wa kunishukuru. Nilipika mtori wa ndizi zile. Mume wangu alikula, akausifu. Mimi sikuuonja.

Tangu hapo pale kwao pakawa na majiko mawili. Mkwe alipika kwake, bibi akapika kwake, peke yake, na wajukuu wakakatazwa kuonja kitu chochote kilichotoka mkononi mwake. Baada ya Manka walizaliwa wengine watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulishwa na bibi yake. Nyinyi mliozaliwa huku mnajua maana yake. Bibi wa mlimani asiyempa mjukuu wake hata ndizi ya kuchoma anabaki na nini? Nilimwona kila Jumapili kanisani, benchi la nyuma, na kila alipoanza kugeuka kuniamkua nilijifanya natafuta ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Nilipoona mzazi yeyote anapanda njia ya shule bila kuitwa, niliingia stoo kuhesabu chaki. Watoto wale wengine niliwafuatilia mpaka darasa la saba, kila aliyeugua mafua nilidhani ni mimi. Miaka kumi na miwili sikuwahi kusikia hodi nikaitikia kwa moyo mweupe.

Chati niliendelea kuzitengeneza, maana bila hizo dawati la nyuma halisomi. Ndiyo hizi mlizozikuta, na sasa mnajua kwa nini ziko hivi zilivyo. Hazigandishwi moja kwa moja kwenye mbao. Zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi, ili likizo mzifungue, mzikusanye kwenye mfuko na kuuning'iniza darini. Watoto hawafuati herufi kwa kidole kilicholowa. Kila mmoja ana haragwe lake, analisukuma juu ya herufi, na mwalimu anaona lilikoanzia. Mkaguzi wa sasa anaiita mbinu bora. Sikumwambia ilitoka wapi.

Nilikuwa nimepanga kufa na siri hii, nawaambia kweli. Lakini siku ile ya kuniaga, keki ikiwa mkononi, Mwalimu Neema akaniambia kwa furaha kabisa, "Mwalimu, nimewaza kitu. Kwa nini tuhangaike kuzifungua kila likizo? Si tutie dawa ya dumuzi kidogo tu kwenye gundi? Si tunaila kwenye mahindi kila siku? Itakuwa poa tu."

Alikuwa ameyasema mawazo yangu ya jikoni, karibu neno kwa neno. Nilimkemea kwa sauti mpaka ukumbi mzima ukageuka. Mwalimu mkuu akafikiri ni uchungu wa kuacha kazi, akaniletea kiti. Neema, machozi yalikulengalenga na ukaniuliza umekosa nini. Hukukosa kitu. Nilikwambia nitakuandikia. Na kabla ya kuandika ilinibidi niende kwa mwenyewe, asije akalisikia hili kwa watu wengine.

Nilikwenda Jumanne iliyopita, mchana. Nilifika kwenye njia ya kwao nikageuka mara mbili, mwanamke wa miaka sitini. Bibi Aisia alikuwa amekaa nje ya jiko lake dogo, anamenya ndizi. Amezeeka sana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umepotea. Karibu kigoda."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitazungumza habari za mvua. Nikamwambia yote nimesimama, gundi, pakiti, vidole, hospitali. Alinisikiliza kichwa kimeinama upande. Nilipomaliza akasema, "Hebu rudia. Sikio hili halisikii vizuri." Ikabidi nirudie. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Aliweka kisu chini. "Kwa hiyo siyo uji wangu."

"Siyo uji wako, bibi."

"Mimi nilijua ni mimi," alisema polepole. "Sikubishana nao kwa sababu nilijua ni mimi. Nikifumba macho kuomba nilikuwa nakiona kiganja changu kimejaa ile dawa."

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Katika hofu zangu zote, za polisi, za wazazi, za magazeti, hata siku moja sikuwa nimewaza kwamba yeye mwenyewe aliamini. Nilianza kulia. Yeye hakulia. Aligeuza uso kuelekea nyumba ya pili akaita, "Mama Manka! Njoo. Mwalimu ana neno."

Mama Manka akatoka bandani kwa ng'ombe na ndoo ya maziwa, akifuatwa na Upendo, binti yake wa mwisho, mwenye miaka mitano. Manka mwenyewe yuko bweni, anasoma kidato cha tano. Mama Manka alinisalimia vizuri, akacheka, akaniuliza habari za kustaafu. Nikasema kwa mara ya tatu. Nilimwona anavyoacha kucheka kidogokidogo, mpaka akaiweka ndoo chini.

"Siku ile," akasema, "wewe ulikuwa umesimama karibu yangu."

"Ndiyo."

"Nilipomtaja mama, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Nilisema nitakwenda kwa mwenyekiti, nitakwenda kwa wakubwa wa elimu, popote atakaponipeleka, na maneno hayo bado nayasimamia. Kurasa hizi mkitaka kuzipeleka kokote zipelekeni. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake.

Bibi Aisia aliingia jikoni kwake. Tulisikia mfuniko wa chungu. Akatoka na bakuli la kiburu, ndizi na maharage, bado linatoa mvuke. Akainama mbele ya Upendo. "Mjukuu wangu, njoo uonje."

Mtoto alinyoosha mkono, halafu akausimamisha. Akamgeukia mama yake, macho yamemtoka kwa woga, kama vile ameshikwa anaiba. Hakuwa na sumu ya kuogopa wala hakuwepo siku ile. Aliogopa kwa sababu ndivyo alivyofundishwa tangu ameanza kula.

Mama Manka alipokea bakuli. Hakuwa na kijiko. Alichota kwa vidole, akala yeye kwanza, akatafuna muda mrefu huku machozi yanamshuka hadi mdomoni. Kisha akachota tena akamlisha mtoto, akakaa chini kwenye majani pale miguuni mwa mama mkwe wake.

Mimi sikupewa bakuli. Nyumba za huku hazimwachi mgeni asile, nami niliwafundisha watoto wao wote kusoma. Nilibaki nimesimama na mkoba wangu mpaka Mama Manka aliposema, bila kuinua uso, kwa sauti ya heshima ileile aliyoniamkua nayo siku zote:

"Mwalimu, sasa nenda."

Nikaenda.